Wavu wa Mlango wa Maikrowevu na Ndege za Kipawa

Juma lililopita nilimpelekea fundi wa Kariakoo maikrowevu yetu, ambayo bawaba ya mlango wake ilikuwa imelegea, naye kabla hata ya kushika bisibisi alipitisha kidole juu ya ule wavu mweusi unaoonekana nyuma ya kioo, akaniambia, "Huu ukitoboka, kaka, usiiwashe tena." Mawimbi ya chombo hicho yana urefu wa takriban sentimita 12, kwa hiyo matundu ya milimita moja au mbili hayayapitishi.

Maneno yake yalinirudia jioni nyumbani Kipawa, ndege zikishuka kuelekea uwanja wa Julius Nyerere, kwa kuwa shangazi huniuliza kila mara iwapo rada ya uwanja, inayozitafuta ndege kwa mawimbi ya jamii hiyo hiyo, haiwaunguzi abiria. Haiwaunguzi. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya mwale hubaki robo, na bodi ya ndege ya aluminiamu huakisi sehemu kubwa ya kinachofika.

Wanachokihofia wahandisi ni nyaya. Waya mrefu ndani ya ndege hugeuka antena bila kuombwa, na mkondo mdogo unaozuka humo unaweza kupokewa na kompyuta kana kwamba ni amri ya rubani. Mwaka 1984 ndege ya kivita aina ya Tornado ilianguka karibu na Munich, Ujerumani, baada ya kuruka karibu mno na mitambo ya redio yenye nguvu kubwa, na katika miaka hiyo hiyo helikopta za Black Hawk za jeshi la Marekani ziliongezewa kinga kwa sababu ya tatizo la aina hiyo.

Ndege ya Boeing 787 Dreamliner, ambayo Air Tanzania inayo tangu 2018, ina ugumu wake: karibu nusu ya uzito wake ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, ambazo hazipitishi umeme vizuri kama aluminiamu. Ndiyo maana chini ya rangi yake hulazwa wavu mwembamba wa metali, unaosambaza umeme wa radi na kusaidia kuzuia mawimbi. Ni ndugu kabisa wa ule wa fundi wangu.

Pua ya ndege haiwekwi wavu, kwani humo imo rada ya hali ya hewa, ambayo lazima mawimbi yake yatoke. Kwa hiyo rubani haiwashi wakati mafuta yanajazwa, wala wapakia mizigo wanapokuwa mbele yake.