Kijani cha Angani, Kidepo

Usiku wa tarehe 10 Mei 2024 binamu yangu aliyeko Manchester alinijazia simu picha: mbingu ya waridi juu ya mapaa ya majirani zake. Dhoruba ya jua ilikuwa kali mno, mianga ya kaskazini (aurora), ile mianga ya rangi angani usiku, ikaonekana hadi Mexico. Tangu hapo wasomaji mnaniuliza: na sisi Uganda je, tukipanda Mlima Elgon tutaiona?

Mianga yenyewe hatutaipata. Chembe zinazotoka kwenye jua zina chaji ya umeme, na usumaku wa dunia huzielekeza kwenye ncha mbili. Ndiyo maana watu hufunga safari hadi Tromsø, Norwei. Sisi ikweta inakata barabara yetu ya Masaka pale Kayabwe.

Ila anga yetu nayo hung'aa usiku, na kamera hulinasa jambo hilo. Mchana miale ya jua huvunja molekuli za oksijeni huko juu. Usiku atomi zake huungana tena na kutoa mwanga hafifu, kwenye kimo cha kilomita 90 hadi 100. Rangi ni kijani kilekile cha Tromsø, chenye urefu wa wimbi wa nanomita 557.7, maana oksijeni ni ileile.

Niliufuata mwanga huo Kidepo, hifadhi iliyo kaskazini mashariki mwa Uganda, mwezi wa Januari, wakati wa kiangazi, mwezi haujatoka. Usiku hushuki garini bila askari wa hifadhi. Afande wangu alisimama amenipa mgongo, bunduki begani, anasikiliza nyati. Taa ya kichwani nilikuwa nimeifunga karatasi nyekundu ya biskuti ili macho yasipoteze mazoea ya giza. Nikazima fokasi ya otomatiki, nikaikuza nyota ya Sirius kwenye kioo cha kamera, nikazungusha lenzi polepole mpaka ikawa kitone. Kisha nikaielekeza kaskazini, chini chini, upande wa Sudan Kusini. Usipige utosini: karibu na upeo wa macho unatazama tabaka lile kwa mshazari, kwa hiyo mwanga ni mwingi zaidi. Mipangilio ya kamera: lenzi wazi f/2.8, wepesi wa kunasa mwanga ISO 3200, muda wa kupiga sekunde 20.

Picha ikatokea na mikanda ya kijani juu ya vilima.

"Hii rangi umeiweka wewe?" afande akauliza.

"Hapana afande, iko pale sasa hivi."

Akatazama juu, akatazama kioo, akaniomba nipige nyingine mbele yake. Nikapiga. Kijani kikarudi, mikanda imesogea kidogo.

Wapiga picha wenzangu, nawasihi: mkirekebisha rangi kompyuta hukiona kijani hicho kama kasoro na kukifuta. Kiacheni!

Sasa nautaka mwanga mwekundu wa anga, nanomita 630, unaotoka juu zaidi, kama kilomita 250. Huo hufifia kadiri usiku unavyokwenda, kwa hiyo safari ijayo kamera itakuwa imesimama kuanzia saa mbili usiku.