Alhamisi ya masika: siku moja ya msusi na nywele timutimu

Saa 11 alfajiri mvua inapiga mabati, na kabla sijatia udhu nishajua leo nitaletewa vichwa vya namna gani. Masika hapa Unguja nguo inalala kambani siku mbili bila kukauka. Sasa nywele uliyoinyoosha kwa pasi jana jioni, unadhani itasalimika?

Wanasema kinyozi hajinyoi, lakini msusi mwenye nywele timutimu anafukuza wateja. Kwa hiyo baada ya sala nafumua mabutu niliyolala nayo, natia maji kiganjani, napapasa kichwa chote, kisha mafuta ya nazi kidogo. Maji kwanza, mafuta baadaye. Mafuta hayanyweshi unywele, yanazuia tu maji yaliyokwishaingia yasitoke upesi. Nimeisema hii mpaka mashoga zangu wananiita Bi Maji.

Na maji yenyewe ni ya mvua. Nina pipa chini ya mfereji wa paa, na kila asubuhi nachukua dumu mbili kwenda nazo kazini. Kondakta wa gari ya Fuoni ananung'unika, ananipakia hivyo hivyo. Maji ya kisima chetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe yakabeba chokaa. Sabuni haitoi povu, na ukioshea kichwa, nywele zinakakamaa kama makumbi.

Saa 2 nafungua. Saluni yangu ni chumba kimoja nyuma ya Michenzani, pazia zito mlangoni, wanaume hawaingii. Nafagia, nachovya machanuo kwenye maji ya moto na sabuni, natia udi kidogo kwenye chetezo.

Mteja wa kwanza ana miaka saba. Skuli yao anasoma mkondo wa mchana, ndiyo maana asubuhi yuko huru. Mama yake kamshika mkono kama anampeleka kuchomwa sindano.

"Shikamoo anti," anasema, macho yote kwenye chanuo.

"Marahaba mwanangu. Leo hulii."

"Ntalia."

Basi namuuliza mama yake anamchana vipi. "Asubuhi, dada, mbio mbio, gari ishafika. Kavu hivyo hivyo, kutoka utosini nashuka."

Hapo ndipo penye shida, wala si kwenye nywele za mtoto. Nywele za kipilipili zimejikunja tangu zinapotoka kichwani. Mafuta ya ngozi ya kichwa yanakwama kwenye mapindi, hayafiki nchani, na ncha kavu inashikana na mwenzake kama upupu. Ukianza kuchana juu, unasukuma mafundo yote chini mpaka yanakuwa fundo moja. Halafu unavuta. Halafu mtoto analia, nawe unasema ana nywele mbaya.

Namgawa kichwa mafungu sita, nafunga matano kwa vibanio. Fungu moja nalilowesha, naweka kondishona nyingi mpaka vidole vinateleza, na kwanza nachambua kwa vidole, bila chanuo. Fundo likikataa sibishani nalo, nalitia kondishona tena nahamia jingine. Kisha chanuo la meno mapana, nchani kabisa, kipande cha kidole kimoja. Kikipita napanda juu kidogo. Mkono wa kushoto umebana nywele karibu na shina, ili mvuto uishie mkononi mwangu usifike kichwani. Siri yote ni mkono ule wa kushoto. Namwonyesha mama mara mbili, ya tatu namkabidhi chanuo afanye mwenyewe.

Mtoto kalia? Mara moja, tena kwa mazoea tu. Nikamsuka twende kilioni za kulegea. Mama anataka nikaze zidumu. Nikamgeuzia kichwa changu, nikamwonyesha hapa juu ya sikio la kushoto: kiraka cha ngozi tupu, ukubwa wa shilingi. Nilisukwa nikiwa msichana, nikakazwa mpaka nyusi zikapanda, wiki baada ya wiki, na pale hapajaota tena. Hakubisha.

Saa 4 anaingia mwalimu mmoja mwenye rasta za miezi miwili. Kufumua ni kazi ya mikono miwili na umbea mwingi, nayo inaenda vizuri mpaka anapoona chungu ya nywele sakafuni. Zake, si za bandia. Anashika kifua. "Dada, nimeota kipara!"

Nikamwambia tupige hesabu, maana yeye ndiye mwalimu. Kichwa cha mtu mzima kinapukutisha nywele 50 hadi 100 kwa siku, kila siku, ni kawaida. Ukiwa umesuka hazina pa kuangukia, zinakaa humo humo ndani ya rasta. Siku 60 mara 50 ni 3,000, na hapo nimehesabu kwa huruma. Akatulia. Ila nikamgombeza pia: wiki sita zingetosha. Zile zilizokufa zikikaa sana zinajifunga kwenye zilizo hai, na pale kwenye shina, penye vumbi na jasho, panakuwa na kinundu ambacho ukikitia maji kabla ya kukichambua kinaganda kama kitambaa. Tulivichambua vikavu, kimoja kimoja, kwa mafuta ya nazi na ncha ya sindano ya kushonea magunia. Ikachukua mpaka adhana ya adhuhuri.

Katikati alipita bibi mmoja wa Shangani, nywele zake za mawimbi, zimetimka zote kama moshi. Anazipiga brashi kavu akidhani zitalala. Nywele za mawimbi ukizipiga brashi kavu unatawanya mawimbi yenyewe, kila unywele unashika njia yake. Nilimlowesha, nikamfinyanga kwa mikono, nikamwambia asiziguse mpaka zikauke. Na asifunge mtandio zikiwa mbichi! Hilo namwambia kila mtu: nywele mbichi ndani ya mtandio ni harufu, na mba haziko mbali.

Saa 7 wali wa nazi na changu wa kupaka, nakula nimesimama. Saa 7 na nusu umeme unakatika.

Saa 8 kamili, bibi harusi. Ndivyo inavyokuwa siku zote.

Nikaha ni kesho baada ya Ijumaa. Kaja na mama yake na somo yake, yaani kungwi wake, bi mkubwa wa miaka sabini na ushei. Nywele za bibi harusi zina dawa ya kunyoosha ya zamani, na shinani zimeota za asili upana wa vidole viwili, yaani miezi minne hivi, kwa sababu unywele huota karibu sentimita moja kwa mwezi. Nchani singa, shinani kipilipili. Pale zinapokutana ndipo zinapokatika. Anataka zinyooke zote, kwa pasi, kwa moto mkubwa.

Nikamweleza, pazia likipepea na mvua ikiingia mlangoni. Moto ukizidi unaunguza unywele, na usipozidi unaukausha tu ukiwa umenyooka. Vifungo vinavyoushika pale ni vile vinavyolegezwa na maji. Hewa ya masika imejaa maji. Atatoka hapa singa, akifika nyumbani nywele zimeanza kufura, na kesho kwenye picha ana vichwa viwili. Kutia dawa siku moja kabla ya harusi ndiyo kabisa sitaki kusikia.

"Sasa tufanyeje na umeme hakuna?" mama mtu anauliza.

Somo, aliyekuwa kimya muda wote, akasema: "Mfungeni uzi. Sisi tuliolewa na koroboi, na nywele zilikaa."

Nilicheka, maana uzi ndio ulionipa kazi. Desemba 2009 umeme wa kutoka bara ulikatika, Unguja ikakaa gizani kama miezi mitatu, hadi Machi 2010. Nilikuwa najifunza ususi. Madraya ya mwalimu wangu yalifunikwa kanga kama maiti, naye akatoa sandukuni vibunda vya uzi mweusi. Wenzangu walinuna. Mimi nikajua kufunga uzi.

Kwa hiyo: nikamwosha kwa maji ya pipa, kondishona, kuchambua taratibu hasa pale kwenye kiungo, mafuta kidogo. Kisha fungu dogo dogo, likiwa na unyevu bado, uzi unazungushwa kutoka shina hadi ncha, ukibana bila kukaba. Nywele inakauka ikiwa imevutwa. Ilituchukua saa mbili na nusu, mama akishika tochi ya simu, somo akitoa amri. Bibi harusi alijitazama kwenye kioo, kichwa kimechomoza vijiti thelathini kama nungunungu, akataka kulia. Atalala navyo, kanga juu, tutafumua kesho saa 4 asubuhi na kuzibana shungi la chini lenye asumini.

Nikafunga uzi wa mwisho saa 11 jioni. Umeme ukarudi pale pale. Draya likaanza kuvuma peke yake kwenye kona. Bibi harusi akalitazama draya, akamtazama somo yake. Hakuna aliyesema kitu.

Magharibi nipo kituoni na bakuli la urojo, dumu tupu mbili miguuni. Saa 3 usiku, Fuoni, nimekaa kwenye jamvi mbele ya mama mkwe. Yeye ndiye anayenisuka. Nywele zangu ni zake tangu niolewe, hataki mwengine azishike.

"Umetia maji?" ananiuliza.

"Nimetia, mama."

"Hujatia."

Kweli, sijatia. Akachovya vidole bakulini, akaanza upande wa kulia, akisimulia habari ya jirani na mbuzi wake. Butu la pili nalikumbuka. La tatu lilifungwa nishalala.