Maji ya paa ndiyo yanayoniweka shambani Mwakirunge

Mwakirunge ni Kaunti ya Mombasa bado, lakini nyumba zimeachana, kila moja na minazi na mihogo yake. Kwangu mkokoteni wa maji haufiki, na kisima kilicho karibu na hori hutoa maji ya chumvi. Naishi kwa mvua, na mvua yataka hesabu.

Milimita 1 ya mvua kwenye mita mraba 1 ni lita 1. Paa langu la mabati, mteremko mmoja, limefunika mita 8 kwa 6 (pima ardhi iliyofunikwa, si urefu wa bati). Mvua ya milimita 10 hunipa kama lita 400, ukitoa zinazopotea. Watu watano, mtungi wa lita 20 kila mmoja, ni lita 100 kwa siku. Januari hadi Machi, kaskazi ikivuma, mvua ni haba, na siku 90 hizo zataka lita 9,000. Vuli ikiisha Desemba, lazima matangi yawe yamejaa.

Nimeweka mawili ya lita 5,000, yameunganishwa chini. La lita 10,000 ni refu, gata (mfereji wa ukingo wa paa) ya nyumba ya kawaida hailifikii. Kila moja likijaa lina tani 5, kwa hivyo limwagiwe msingi wa zege, tena yote mawili yalingane usawa. Maji ya ziada yapelekwe mbali kwenye migomba. Yakimwagika hapo hapo, huchimba mchanga, msingi ukainama na tangi likapasuka penye kiungo cha bomba.

Gata ishuke sentimita 1 kila mita. Maji ya mvua ya Mei hurukia ng'ambo yake, basi pigilia ukanda wa bati wa sentimita 15 kwenye ukingo wake wa nje.

Linalodharauliwa sana ni maji ya kwanza. Kunguru wetu huleta mifupa na vichwa vya samaki akalia juu ya bati, na mabaki hukauka huko pamoja na kinyesi. Kabla ya tangi, weka kiungo cha T na ushushe bomba la inchi 6, urefu mita 1 na nusu, lililofungwa chini kwa mfuniko wa kuskrubu. Hubeba karibu lita 27, zaidi kidogo ya nusu milimita ya paa lote. Likijaa, maji safi hupita juu. Toboa mfuniko tundu la milimita 3 ili lijikamue lenyewe. Tundu likiziba, uchafu wa mvua inayofuata waingia tangini wote, kwa hivyo fungua usafishe kila baada ya mvua kubwa.

Kila mdomo wa tangi na wa bomba la ziada ufungwe wavu wa mbu. Ya kunywa, chemsha. Paa la makuti hutoa maji ya rangi ya chai. Hayo ni ya mchicha.

Mwisho wa Machi, kabla ya masika, fagia paa na gata, ufunge tangi moja, ulikaushe na kulisugua huku ukitumia la pili.