Jinsi Msitu wa Chanzo Chetu cha Maji Ulivyoingia Katika Lengo la Asilimia 30

Mshauri mmoja alituambia kwamba msitu wetu hautahesabiwa kamwe katika malengo ya kimataifa mpaka tuukabidhi kwa serikali uwe hifadhi rasmi, na ushauri huo uliniudhi kwa sababu haukuwa wa kweli. Mfumo wa Kunming-Montreal, yaani mpango wa dunia wa kulinda viumbe hai uliopitishwa Desemba 2022 na nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai, unataka angalau asilimia 30 ya nchi kavu na ya bahari iwe imehifadhiwa ipasavyo ifikapo 2030, lakini hautaji hifadhi rasmi peke yake. Mwaka 2018 wanachama wa Mkataba huo walishakubaliana kwamba hata eneo linalotunzwa kwa sababu nyingine, kama vile maji, linaweza kuhesabiwa, mradi liwe na msimamizi anayejulikana na viumbe wake wanufaike kwa kudumu.

Maombi ya kwanza ya kuorodhesha msitu wetu aliyaandika mshauri huyohuyo: ramani ya rangi, hekta zilizokokotolewa hadi desimali, na hakuna hata kiumbe mmoja aliyetajwa. Yalirudishwa upesi. Ndipo nilipoomba daftari la kamati ya maji, ambalo jalada lake lilikuwa limeliwa na mchwa, lakini ndani mlikuwa na kila kitu: nani alitozwa faini kwa kukata mti juu ya chemchemi, nani aliingiza ng'ombe wakati wa ukame, na kikao kipi kilizuia kuchoma mkaa, yote kwa tarehe na saini. Tulinakili kurasa hizo moja baada ya nyingine, na ninajivunia kwamba ndizo zilizowaridhisha wakaguzi kuhusu usimamizi wa muda mrefu.

Kuhusu viumbe, tulipita njia ileile alfajiri, mvua na kiangazi, tukiandika kila ndege na kila chura tuliyemsikia. Gharama ilikuwa muda wetu na betri za tochi, basi. Kazi hii isirukwe: malengo 20 ya Aichi, yaliyotangulia Mfumo wa Kunming-Montreal, yalifika ukomo mwaka 2020 bila hata moja kutimizwa kikamilifu duniani, na hata pale eneo la nchi kavu lililohifadhiwa lilipoongezeka sana, ubora wa usimamizi ulibaki nyuma.

Mwenye msitu wa namna hii asisaini karatasi inayogusa umiliki kabla ya kusomewa yote, kwani eneo haliorodheshwi bila ridhaa ya wanaolisimamia.