ATEM Mini au Roland? Mimi upande nimeshachagua
Wadau wa Dodoma mnaoniuliza inbox miksa gani ya HDMI (kile kifaa cha kuchomeka kamera kadhaa na kuchagua picha ipi iende hewani) inafaa kwa harusi na ibada laivu, ATEM Mini au Roland V-1HD, hizi mbili nimezishika zote. Roland V-1HD ni tamu mkononi jamani, ile leva ya kuvuta kuhama polepole toka picha ya kamera moja kwenda nyingine kwaya ikiingia kiitikio, ATEM Mini haina, ni kubonyeza vibatani tu. Ila Roland inataka kamera zote zije fomati moja (aina moja ya picha, mfano zote 1080p), sasa wewe una kamera ya kukodi kule mtaa wa Kisasa, laptopu ya katibu wa kamati na simu ya shemeji, utahangaika na setingi mpaka MC anaanza kukutania kwenye maiki 😂 ATEM haina shida hiyo, milango yote minne inabadilisha fomati yenyewe, halafu waya mmoja wa USB kwenye laptopu inasomeka kama webkamu, tayari uko hewani. Hela ikiruhusu chukua Mini Pro, inarusha yenyewe kwa waya wa intaneti, inarekodi kwenye diski na kamera zote unaziona skrini moja. Ila ukichomeka king'amuzi ukapata giza usilaumu waya, ni HDCP hiyo, kinga ya kuzuia picha isinakiliwe, ATEM haipitishi.