Umebonyeza Nini?

Tangu Jumanne ninamjibu shemeji, yule fundi wetu wa kompyuta, kimoyomoyo. Ninamjibu nikiwa nasonga ugali, ninamjibu nikiwa nahesabu karatasi za rimu, na usiku, baba watoto akishaanza kukoroma, ninamjibu kwa ufasaha ambao nilipouhitaji haukuonekana. Swali lake lilikuwa fupi, nalo aliliuliza akiwa bado mlangoni mwa duka, hata kofia ya pikipiki hajaivua, mbele ya vijana waliokuwa wamepanga foleni na vyeti vyao vya kuzaliwa mkononi.

«Shemeji, umebonyeza nini?»

Nami nikasema, «Sijabonyeza kitu, shemeji,» kwa sauti ya mtoto aliyekutwa kando ya kikombe kilichovunjika. Kijana mmoja katika foleni akacheka. Sidhani alikusudia ubaya, kwa maana ni yule yule anayenisaidia kubeba maboksi ya karatasi yakishushwa, lakini alicheka, na shemeji akapata moyo, akaingia ndani akisema kwamba lazima kuna kitu kimebonyezwa, kwa kuwa kompyuta haziamki asubuhi zikaamua kuzima kioo.

Mnaoifahamu kompyuta yangu ya mezani, ile niliyoinunua ikiwa imetumika kutoka ofisi iliyokuwa inahama, mnajua kwamba ndiyo inayolisha duka zima la steshenari. Mashine ya fotokopi inaweza kujifanyia kazi peke yake, lakini barua, picha za pasipoti, wasifu wa waombaji kazi na fomu zote za mtandaoni hupita kwenye kompyuta hiyo. Tena huu ni msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, ambapo mwombaji anatakiwa cheti chake cha kuzaliwa kiwe kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na wazazi wanakuja kutoka Pongwe na Maramba wakiwa wameshikilia bahasha kama roho zao zimo ndani. Wiki hii bibi yao watoto ametolewa mtoto wa jicho na anaendelea vizuri, mdogo wangu wa mwisho amelipiwa mahari, na bado jambo ninalolikalia kitako kuliandika ni swali la shemeji.

Ninataka basi ijulikane nilikuwa nimefanya nini kabla hajafika, kwa kuwa yeye hakuuliza. Usiku wa Jumatatu umeme wa hapa Ngamiani ulikatika na kurudi, ukakatika tena na kurudi kwa kishindo, na UPS yangu, kile kifaa cha kushikilia umeme ukikatika, betri yake imechoka siku nyingi. Asubuhi niliwasha, taa ya mbele ikawaka, feni zikavuma kama kawaida, kisha monita ikaandika kwamba haipokei ishara, ikaingia gizani. Nikajua papo hapo mambo mawili: umeme unaingia, na monita yenyewe ni hai, maana monita iliyokufa haiandiki chochote. Hata hivyo sikuridhika. Niliazima kompyuta mpakato ya jirani yangu wakala wa fedha, nikaichomeka kwenye monita ile ile kwa waya ule ule, na picha ikaja safi. Kwa hiyo waya nao ukaondoka katika orodha ya washukiwa. Nikarudi kwenye mashine nikabonyeza kitufe cha herufi kubwa kwenye kibodi ili nione kama kitaa chake kitawaka. Hakikuwaka. Kitaa hicho kingekuwa kinawaka na kuzima, ningejua kwamba mashine inafanya kazi gizani na imekosa picha tu. Kilipokaa kimya, nilijua kwamba imekwama mapema, kabla haijafika popote.

Hayo yote nilikuwa nayo kwenye ncha ya ulimi shemeji alipoingia. Angeniuliza, «Imeanzaje?» ningemwaga yote, naye angeokoa nusu saa. Na msidhani kwamba swali hilo halijui. Mwezi uliopita printa ya yule kaka wa duka la ng'ambo ya barabara ilipogoma, mimi nilikuwapo nimekwenda kuomba chenji, nikamsikia shemeji kwa masikio yangu akimwuliza kwa upole wa daktari: «Kaka, imeanzaje? Ilitoa mlio? Ulikuwa unachapisha nini?» Kaka akaeleza, shemeji akaitikia kwa kichwa, wakashirikiana. Kwangu mimi uchunguzi ulianzia kwenye vidole vyangu na ukaishia hapo.

Baada ya hapo alitoa flashi mfukoni akasema, «Windows imekufa, ngoja niipige upya.» Maana yake aifute programu kuu inayoendesha kompyuta na kuiweka upya. Akaongeza kwamba hata hivyo natumia Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, kana kwamba tarehe hiyo ni saa ya kifo na kompyuta zote za dunia zilipaswa kuiheshimu. Kuacha kuhudumiwa maana yake ni kwamba masasisho ya usalama hayaji tena yenyewe kama zamani. Mashine haizimiki kwa sababu hiyo, na jirani yangu wakala anaitumia hadi leo.

Kilichoniuma zaidi, nikilipima jambo sasa kwa utulivu, ni kwamba swali baya lilimpeleka kwenye jibu baya. Kompyuta ikiwashwa, Windows haiitwi kwanza. Ubao wenyewe, huo tunaouita mazabodi, huanza kwa kujikagua: prosesa ipo, kumbukumbu ipo, njia ya picha ipo, ndipo huonyesha nembo ya kampuni iliyoutengeneza, ndipo huitafuta Windows kwenye diski na kuiamsha. Giza linalokuja baada ya nembo, hasa lile lenye kishale cheupe cha kipanya kinachozurura peke yake, aghalabu ni la programu, na hapo kuna mengi ya kujaribu: kubonyeza vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja ili dereva ya picha ijiwashe upya, au kuingia katika hali salama na kuondoa sasisho la mwisho. Giza langu lilikuja kabla ya nembo. Windows ilikuwa bado imelala kwenye diski, haina habari kwamba kumekucha, na shemeji alikuwa tayari anaitangazia msiba.

Alichomeka flashi. Giza. Akaichomeka tundu la pili. Giza. Hapo ndipo alipohama kutoka Windows hadi mazabodi, akasema imeungua kwa umeme, akataja bei ambayo kwayo ningenunua mashine nyingine iliyotumika na chenji ikabaki ya nauli. Kisha simu yake ikaita, akavaa kofia, akaondoka kwenda kazi nyingine, na aliponiaga alisema kwa upole kabisa, «Ila siku nyingine, shemeji, usibonyezebonyeze.»

Nilifunga duka mapema. Baba watoto nilipomsimulia alisema ndivyo mafundi wanavyouliza, ni salamu yao tu, nisiiweke moyoni. Nikamwuliza kama kuna fundi aliyewahi kumsalimia yeye hivyo. Akasema chai imepoa.

Jumatano jioni, wateja walipokwisha, niliteremsha mlango nusu, nikachomoa waya wa umeme ukutani, nikakibonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia ili umeme uliobaki ndani uishe (hapo ndipo nilipobonyeza kitu, shemeji, kama unasoma), nikashika bati la kasha kwa mkono mtupu ili mwili wangu usiupe ubao shoti ndogo ambazo jicho halizioni, halafu nikafungua skrubu za ubavuni kwa bisibisi ya nyota. Vumbi lililotoka humo lingetosha kuotesha mchicha. Niliangalia kwanza vile vikopo vidogo vilivyosimama juu ya ubao, kwa kuwa vikivimba kichwani au vikichuruza ni dalili mbaya. Vyote vilikuwa bapa. Nikaitoa betri ya duara, ile CR2032 ya volti 3 inayotunza saa na mipangilio, nikangoja, nikairudisha, nikawasha. Giza. Haikunisikitisha, nilikuwa nafuta jina lingine katika orodha.

Kisha nikatoa vijiti vyote viwili vya RAM, ndiyo kumbukumbu yenyewe, na kuwasha mashine ikiwa haina kumbukumbu hata moja. Mtu asiyejua angeona ni wazimu kuiwasha kompyuta baada ya kuinyang'anya kitu isichoweza kuishi bila hicho. Lakini mashine ililia. Ilitoa mlio mrefu, ikanyamaza, ikautoa tena, na tena, kwa ghadhabu, nami nikapiga kigelegele kidogo ambacho binti wa saluni alikisikia kupitia ukuta akaja kuchungulia chini ya mlango. Ubao uliokufa haulalamiki. Ule mlio ulimaanisha kwamba umeme unaufikia, prosesa inafikiri, na ukaguzi unaendelea mpaka unapofika kwenye kumbukumbu na kuikosa. Mazabodi niliyoambiwa imeungua ilikuwa inanipigia kelele kwamba ina njaa.

Nilizima, nikachomoa waya, nikavitazama vijiti chini ya tochi ya simu. Kimoja meno yake ya dhahabu yaling'aa. Cha pili kilikuwa na utando wa kijivu uliokaa kwenye meno ya upande mmoja, mwembamba kiasi kwamba ukikitazama wima huuoni, inabidi ukiinamishe mpaka mwanga upite juu yake. Hapa kwetu Tanga upepo wa bahari unaingia dukani na unyevu wake na chumvi yake mchana kutwa, na hata bawaba za mlango zinajua. Nilichukua raba nyeupe ya wanafunzi kutoka kwenye rafu yangu mwenyewe, nikayasugua meno yale taratibu kwa upande mmoja tu, nikageuza, nikasugua upande wa pili, raba ikawa nyeusi pale ilipogusa. Nikapangusa makombo kwa brashi laini, maana kombo moja likiingia ndani ya tundu ni balaa jipya. Kijiti cha RAM kina pengo ambalo haliko katikati, hivyo hakikubali kuingia kinyume, na kukirudisha kunataka ukikandamize kwa vidole gumba viwili kwa nguvu inayotisha kidogo, mpaka vibanio vijifunge vyenyewe. Nilikandamiza. Vikajifunga.

Nikawasha. Mlio mmoja mfupi, kisha nembo.

Sijui niseme nini kuhusu furaha ile. Nilikaa kwenye kiti cha wateja, nikacheka peke yangu, na kwa muda swali la shemeji liliondoka kabisa kichwani, hata nilipojaribu kulikumbuka kwa makusudi nilikumbuka kofia yake tu. Jambo la kwanza nililofungua ni daftari la madeni, maana hilo lingefutika lote kama flashi ile ingefanya kazi na Windows ikapigwa bila kunakiliwa chochote. Lilikuwapo, mstari kwa mstari. Na karibu na juu kabisa, kwa herufi nzito ambazo niliziweka mwenyewe ili nisisahau, kulikuwa na kadi za mchango wa harusi ya rafiki yake shemeji, zilizochapishwa kwa rangi, karatasi ngumu, hazijalipwa. Nilimtumia baba watoto picha ya kioo kile. Alijibu kwa vikatuni vya kucheka visivyohesabika, na jioni alininunulia mishkaki, jambo ambalo kwa kipimo cha nyumba yetu ni kuomba radhi kwa niaba ya ukoo.

Nilinakili daftari lile kwenye flashi na kwenye simu usiku ule ule. Betri ya UPS nimeiagiza. Kasha la mashine nimelitoa sakafuni na kulipandisha juu ya kimeza, mbali kidogo na dirisha.

Ijumaa shemeji alipita kula, kama kawaida ya Ijumaa. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Ilikuwa na utangulizi, ilikuwa na mifano, na ilikuwa na yule kaka wa ng'ambo ya barabara kama shahidi wangu mkuu. Akanawa mikono, akaketi, akasema, «Nasikia mashine imepona. Ilikuwa nini?»

Nikasema, «RAM.»

Akatia tonge mdomoni, akatafuna, akasema, «Nilijua.»

Hotuba nzima ikanitoka. Nikamwongezea mchuzi. Ila wakati anaondoka nilimkabidhi risiti ya zile kadi, nimeichapisha vizuri, na tarehe, na jumla imepigwa mstari chini, akaikunja bila kuisoma akidhani ni kitu cha kumpelekea mama. Sasa nasubiri aifungue.

Jingine, ambalo halihusiani. Mwenye nyumba hajapita kuchukua kodi ya fremu. Mtu ambaye kwa kawaida huanza kukohoa mlangoni wiki nzima kabla mkataba haujaisha, safari hii kimya, na simu yangu haipokei. Wiki iliyopita nilimwona na mwanamume nisiyemjua wakipima kwa futikamba ukuta unaotutenganisha mimi na saluni. Nimemwuliza binti wa saluni kama kwake amepita, naye anasema alidhani amepita kwangu.