Besi Isiyosikika kwenye Simu

Video yangu ya kwanza niliipakia mtandaoni nikiwa na miaka 17. Wimbo ule wa roki nilikuwa nimeufanyia mazoezi wiki tatu, vidole vya mkono wa kulia vikaota sugu, na kwenye hedifoni besi yangu, gitaa la sauti nzito, ilinguruma kama radi ya mbali. Maoni ya kwanza yalitoka kwa mtu nisiyemjua: "Mbona gitaa lako silisikii?" Nikaazima simu ya mama, nikaifungua video, nikailaza simu mezani. Ngoma zilisikika, gitaa la solo lilisikika, mwimbaji alisikika. Mimi nilionekana tu, vidole vinakimbia juu ya nyuzi, sauti hakuna.

Sasa ni mwaka wa sita napiga besi mtandaoni, na miaka mitatu ya mwisho nimekuwa naishi kwa kazi hiyo. Vijana wengi huniuliza nilipataje watazamaji. Mimi naona swali la kwanza ni kama besi yako inasikika pale watu wanaposikilizia, yaani kwenye simu.

Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne, ule wa E, ukipigwa wazi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Spika ya simu ni ndogo mno kusukuma hewa inayotakiwa kwa mtetemo wa chini namna hiyo. Kinachotuokoa ni kwamba uzi hautoi mtetemo mmoja. Juu ya ule wa 41 kuna wa 82, wa 123, wa 164, na kuendelea, na sikio likizipata hizo za juu, ubongo huijazia wenyewe ile ya chini iliyokosekana. Nilipolielewa hilo nikaanza kuigawa besi yangu njia mbili ndani ya kompyuta. Njia ya kwanza naiacha safi, na uzito wake wote. Ya pili naikwaruza kwa distoshen, naikata sauti za chini, kisha naipandisha kati ya Hz 700 na 1,500, yaani mitetemo kwa sekunde. Ukiisikiliza peke yake ile ya pili utadhani ni nyuki kwenye kopo, lakini ukizichanganya, besi inatokea kwenye simu. Hadi leo hakuna miksi, yaani wimbo uliokwisha kuchanganywa sauti, inayotoka kwangu kabla sijailaza simu mezani na kusikiliza.

Kuhusu vifaa sina mengi. Gitaa langu la kwanza lilikuwa la mkono wa pili na nimelitumia miaka minne. Kilichobadilisha kazi ni kadi ya sauti ya nje, ile unayochomeka waya wa gitaa upande mmoja na kompyuta upande wa pili, kwa sababu kipaza sauti cha simu hakiikamati besi vizuri. Ila kadi hiyo nayo ilinitesa. Kwa mwezi mzima nilikuwa nawahi mdundo, nikajilaumu, nikaongeza saa za mazoezi na metronomi, kile kifaa kinachogonga mapigo sawasawa, hali ikabaki vilevile. Kumbe bafa ya programu ya kurekodia, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukitoa, ilikuwa kwenye sampuli 1,024, vile vipimo vidogo vya sauti. Kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, hiyo ni milisekunde 21, tena kabla hujahesabu ucheleweshaji mwingine njiani. Nilikuwa najisikia kwa kuchelewa, na mkono ukawa unakimbilia mbele kufidia. Nikaishusha hadi 128 na siku hiyohiyo mkono ukatulia. Kijana anayeanza, kabla hujaamua kwamba huna mdundo, kaangalie hiyo namba.

Mwaka wa kwanza na nusu nilipiga nyimbo za bendi kubwa, kama wanavyoanza karibu wote. Moja ilitazamwa sana kuliko zote nilizokuwa nimepakia, na mapato yake yote yakaenda kwa mwenye hakimiliki. Iliniuma, lakini wimbo haukuwa wangu wala rekodi haikuwa yangu. Kilichonifikirisha zaidi ni maoni. Watu walikuwa wanazungumzia wimbo, mwimbaji, kumbukumbu zao za shule. Besi waligusia wachache mno.

Nikabadilisha namna. Nikaanza kutoa video za dakika moja zenye kitu kimoja tu: nachukua kipande cha ngoma na gitaa nilichotunga na rafiki, nakiacha kitembee mapigo 16 bila besi, kisha naingia. Sisemi neno. Mtu anasikia mwenyewe wimbo unavyopata miguu. Kamera naielekeza mkono wa kulia, maana huko ndiko besi inakozaliwa, japo wengi hupiga picha mkono wa kushoto. Video hizo hazikuwahi kupata watazamaji wengi kama ile ya wimbo wa watu. Lakini zilitazamwa na watunzi, na watunzi ndio wenye kazi.

Wa kwanza aliniandikia hivi: "Dada, nina wimbo umekamilika ila hauna besi. Utanisaidia kwa bei gani?" Nikataja bei ndogo kwa furaha, nikakaa usiku kucha. Kila palipokuwa na nafasi nilipajaza. Kwenye ubeti nilipanda hadi freti ya 12, juu kabisa kwenye shingo ya gitaa, kwenye daraja, ile sehemu ya wimbo inayounganisha nyingine, nikapiga kwa kuchapa nyuzi kwa kidole gumba. Asubuhi akajibu: "Dada, unapiga vizuri sana. Lakini unamkanyaga mwimbaji."

Niliusoma ujumbe huo mara nyingi. Halafu nikafungua faili upya, nikanyamazisha kila kitu, nikabakiza sauti ya mwimbaji na ngoma ya mguu. Nikasikiliza bila kushika gitaa. Mwimbaji alikuwa anavuta pumzi kabla ya mstari wa tatu, pumzi inayosikika, na mimi nilikuwa nimemwaga noti sita juu yake. Nikaziondoa. Kwenye ubeti nikapiga pale tu mguu wa mpiga ngoma ulipogonga, noti moja, kisha nikaunyamazisha uzi kwa kiganja sekunde ileile inapolia snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, ili snea ipate uwazi wake. Kwenye kiitikio nikaachia, noti nane kila mapigo manne, bila pambo. Noti zilipungua zaidi ya nusu. Urefu wa kila noti, mahali inapokatika, ndio uliofanya kazi yote. Jambo hilo kabla ya usiku ule sikuwa nimelifikiria hata mara moja, na leo ndilo ninalolifanyia mazoezi kuliko kasi.

Yule mtunzi aliupokea wimbo bila kubadilisha kitu. Wiki mbili baadaye mpiga ngoma wake aliniletea kazi ya bendi nyingine, na tangu hapo kazi zangu nyingi zimekuja kwa mtindo huo, mtu mmoja kumwambia mwenziwe.

Wanachoambiana, nimekuja kujua, ni kwamba mafaili yangu hayasumbui. Natuma WAV, aina ya faili la sauti lisilobanwa, ya biti 24 na kHz 48, au kama mwenye wimbo alivyorekodi. Kila faili linaanza mwanzo kabisa wa wimbo, hata kama besi inaingia dakika ya pili, ili prodyuza aliweke tu na likae mahali pake. Natuma besi safi iliyotoka moja kwa moja kwenye gitaa na nyingine iliyopita kwenye amplifaya, kwa sababu ile safi anaweza kuipa sauti atakayo yeye. Kisha natuma rekodi mbili za besi ya wimbo uleule, moja ya adabu na moja niliyojiachia. Mara nyingi prodyuza huchagua ya adabu na kuazima kipande kimoja cha ile ya pili. Natyuni upya kabla ya kila rekodi, hata nikiwa na uhakika.

Upande wa fedha nilijifunza kwa kuumia. Kuna mtu nilimtumia besi za nyimbo nne, akashukuru kwa maneno matamu, na sikumsikia tena. Sasa nusu ya malipo inatangulia, marekebisho ni mara mbili, na tunaandikiana: bei ni kiasi gani, kama nina sehemu ya mirabaha au sina, na jina langu litaandikwaje. Hilo la jina silishushi hata kwa rafiki. Miaka ya 1960 kule Detroit, Marekani, James Jamerson alipiga besi kwenye nyimbo za kampuni ya rekodi ya Motown zilizozunguka dunia nzima, tena kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, na majalada ya sahani hizo hayakuwa na jina lake. Carol Kaye naye, mpiga gitaa aliyeshika besi mwaka 1963 kwa sababu mpiga besi hakutokea studio Los Angeles, alirekodi nyimbo zisizohesabika ambazo wasikilizaji hawakujua ni nani aliye chini yake. Nawapenda wote wawili, na kila ninapoandika sharti la jina nawafikiria wao.

Mama bado ndiye mtihani wangu wa mwisho. Nampa simu, bila hedifoni, na kumwuliza anasikia nini. Zamani alikuwa akisema, "Nasikia ngoma, mwanangu." Siku hizi hutikisa kichwa na kunionyesha kwa kidole pale ninapoingia.

Jana nimetumiwa wimbo mpya. Mpiga ngoma amebaki nyuma ya metronomi kwenye kiitikio, kidogo sana, kila anapofika kwenye snea. Mwenye wimbo hajasema kama ni makusudi. Nimejaribu kushikilia metronomi, kiitikio kikawa kigumu kama mbao. Nimejaribu kumfuata, kikapata uzito. Usiku huu narekodi nikiwa nyuma pamoja naye.